Pampu Zenye Nukta Tatu

Diaca, 9 Aprili 2025

Kwa dada yangu Chamima,

Assalaam alaykum. Naomba karatasi hii ikukute salama hapo Palma, wewe na Wahida wangu, na mama kule Quionga na minazi yake asiyotaka kuiacha. Mimi mdogo wako ni mzima. Idi tuliila hapa hapa kambini, wali na maharage, na aliyetutafutia tende ni Mauro, Mkristo wa kutoka Inhambane, sijui kazitoa wapi. Mauro ndiye dereva wa gari la doria ninalolitengeneza. Ukisikia nimecheka huku, ujue yeye ndiye amesema kitu.

Simu zetu zimekusanywa tangu Februari na hakuna anayejua zitarudi lini, kwa hiyo tutaandikiana kama enzi za babu. Anayekuletea barua hii ni Cândido, dereva wa lori linaloleta kambini unga na vitunguu. Ni mtu wa kuaminika ila si mtu wa haraka. Barabara ikifungwa pale Mocímboa, hulala hapo hata wiki mbili.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Dada, nimechoka. Kontrato yangu, huu mkataba wa jeshi, inaisha tarehe 31 Oktoba. Mpaka siku hiyo karatasi itakuwa mezani kwa mkuu: anayetaka anasaini miaka mitatu mingine, asiyetaka anarudi kwao. Mara iliyopita nilijiuliza nikirudi nitafanya nini, nikakosa jibu, nikasaini. Safari hii nataka jibu liwepo kabla ya swali.

Ninachokijua mimi ni magari. Palma sasa magari ni mengi, ya watu wa gesi kule Afungi, ya abiria, mapikipiki, na yote yanakula mchanga na chumvi, na spea hazipatikani. Fungua kibanda cha spea. Kiwe kwa jina lako, si langu, kwa sababu askari haruhusiwi kufanya biashara na wakijua nitawekwa ndani. Utanunua Mtwara zile spea za bei ya chini, zisizo za kiwanda chenyewe. Humo kuna nzuri na mbovu, na kwa macho zinafanana. Wewe nipe mimi nizipime. Cândido ataniletea gunia chini ya vitunguu, nitazijaribu karakana, na kila nitakayoikubali nitaipiga nukta tatu ubavuni, kwa msumari wa chuma, zikae kama mafiga. Isiyo na nukta usiiuze. Watu wakizoea kwamba chenye nukta tatu hakiwaangushi njiani, watakuja wenyewe.

Nibusie Wahida. Mwambie nahesabu miezi.

Ni mimi mdogo wako, Tuaibo, fundi, atakayerudi.


Palma, 27 Aprili 2025

Kwa mdogo wangu Tuaibo, bwana mkubwa wa mafiga,

Waalaykum salaam. Sisi tu wazima. Mama amekuja mara moja, akakaa siku mbili, akalalamika kwamba nazi za Palma hazina tui, akarudi Quionga. Wahida hahesabu miezi kama wewe, yeye anahesabu kwa tumbo: Mungu akijalia, Septemba utakuwa baba. Nimeambiwa nikuambie mimi kwa sababu yeye anaona haya kuandika. Haya, nimekuambia. Sasa futa machozi uonekane askari.

Kibanda nimefungua, kando ya njia ya Quionga, karibu na wanapoziba pancha. Nimeshavuka Ruvuma mara moja na kurudi na filta, pedi za breki, beringi, na zile pampu ndogo za dizeli ulizosema. Mwenye duka Mtwara alinicheka, mwanamke na beringi wapi na wapi. Nilipomtajia namba za beringi moja baada ya nyingine bila karatasi alifunga mdomo akanipa na kiti. Umenifundisha vizuri.

Gunia la kwanza analo Cândido. Vitunguu vya juu ni vyenu, msivile vyote siku moja.

Tuaibo, nisikilize. Unajua mimi sina maneno mengi ya huzuni. Mume wangu aliondoka nyumbani ile Machi ya mwaka ishirini na moja, siku mji uliposhambuliwa, kwenda kuangalia kelele za nini, na mpaka leo sijaonyeshwa hata kiatu chake. Sitamngoja mtu mwingine hivyo. Kibanda hiki sikifungui kwa ajili ya kula, kula tungekula hata mihogo. Nakifungua ili tarehe 31 Oktoba usiwe na sababu ya kushika ile kalamu. Nitakifanya kisimame hata kwa meno.

Usisaini. Mimi dada yako, Chamima.


Diaca, 20 Mei 2025

Dada yangu Chamima,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa hao wawili waliomo ndani ya mtu mmoja. Barua yako niliisoma nyuma ya karakana na Mauro akanikuta nalia, akadhani nimefiwa. Nilipomwambia, alipiga honi ya gari la doria mpaka mkuu akatoka nje. Tulipewa adhabu ya kuosha masufuria, wote wawili, na tuliosha tunaimba.

Gunia limefika. Filta ni nzuri. Beringi nzuri isipokuwa mbili. Pampu ndizo zilizonisumbua. Zilikuwa ishirini: kumi na moja nimezipiga nukta, tisa nimezikataa, nimezifunga kwenye kitambaa chekundu. Zirudishe kwa mwenyewe Mtwara.

Najua utauliza ubovu wake nini, kwa sababu ukiziunga kwenye betri zinavuta dizeli kama kawaida. Hapo ndipo zinapodanganya. Mimi huziacha zivute saa nzima, kutoka ndoo hii kwenda ndoo ile. Zile tisa zikishapata moto, baada ya nusu saa au dakika arobaini, zinakwama, na gari linazimika. Zikipoa zinavuta tena. Kwenye mji ni usumbufu tu, mtu atashuka atukane, atasukuma. Huku kwetu gari likizimika njiani hushuki kusukuma. Umenielewa.

Mauro anasema nikitoka jeshini atakuja Palma tuwe washirika, yeye auze kwa maneno, mimi nitengeneze kwa mikono, na wewe utugombeze wote.

Ni mimi Tuaibo, fundi, atakayerudi.


Palma, 12 Juni 2025

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Idi ya kuchinja imepita, tulipata nyama kwa majirani, Wahida alikula za watu watatu. Miguu imeanza kumvimba, lakini nesi wa kituo cha afya amesema si kitu cha kutisha. Mama anakohoa kidogo, naye anasema ni vumbi la Palma alilolibeba.

Nukta zako zimeshika, Tuaibo! Madereva wa pikapu za abiria sasa hawaulizi chapa ya kiwanda, wanageuza spea ubavuni, wanatafuta mafiga. Juzi mmoja alinunua pampu ya kumi na moja akaibusu mbele za watu. Ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

Na hapo ndipo nilipokwama. Mtwara nimekwenda. Mwenye duka hakuzipokea zile tisa. Amesema zinavuta, akaziunga kwenye betri mbele yangu zikavuta, akaniambia wataalamu wangu wakapime vitunguu. Nimerudi nazo na sina kingine cha kuuza. Wanataka pampu, na pampu zenye nukta.

Na mimi mwenyewe nimeziunga hapa nyumbani. Niliweka sufuria ya chai motoni, pampu ikavuta mpaka chai ikachemka, haikukwama. Nyingine hivyo hivyo. Si umekuwa mkali mno? Jeshi limekufanya uone kila kitu ni hatari. Hapa watu wanakwenda Quionga na kurudi, si vitani.

Nijibu upesi.

Dada yako Chamima.


Diaca, 1 Julai 2025

Dada,

Salamu kwa wote. Pole kwa mama.

Usiuze zile tisa. Chai inachemka kwa dakika ngapi? Kumi? Nilisema saa nzima. Zitupe, zizike, mpe mtu azifanye mawe ya mizani ya samaki, usiziuze. Tafadhali. Nakuomba mimi mdogo wako, sijawahi kukukataza jambo maishani mwangu ila hili.

Huku hali si nzuri wiki hizi. Sitaandika zaidi. Mkuu ameanza kutuita mmoja mmoja kuhusu kusaini. Aliniuliza nikitoka nina kazi gani, nikasema nipo nafikiri. Alisema mafundi kama mimi ni wachache na mke mjamzito anataka mshahara wa uhakika. Kibanda kikiwa hakina kitu, nitamjibu nini?

Tuaibo.


Palma, 3 Agosti 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Waalaykum salaam, na salamu nyingi kutoka kwa kila mtu. Mama kapona kabisa. Wahida mzima. Mvua hakuna. Muhogo umekauka vizuri.

Ondoa wasiwasi wote. Kibanda kimesimama! Nimepata mnunuzi mkubwa, mtu mmoja anaitwa Lourenço, ananunua huku na kupelekea watu wenye magari mengi. Alisikia habari za nukta tatu, akaja mwenyewe, akachukua pampu sita kwa mpigo na kuagiza nyingine. Hakusema anazipeleka wapi. Kwa hiyo mkuu wako akikuuliza tena una kazi gani, mwambie unayo, na ina wateja.

Pampu nilizipata. Usiniulize sana habari za pampu, mambo ya dukani niachie mimi. Wewe kazi yako ni moja, kuhesabu siku.

Namwachia Wahida nafasi hapa chini, amelazimisha.

Dada yako Chamima.

*Mume wangu, mimi sijambo na mtoto anapiga mateke upande wa kulia. Nimekushonea kanzu, nimekisia mabega. Wifi naye siku hizi amekuwa fundi kama wewe, mchana kutwa nasikia nyundo uani. Rudi haraka kabla hajakunyang'anya kazi. W.*


Diaca, 29 Agosti 2025

Dada Chamima,

Nawasalimu nyote. Wahida asisome barua hii, yuko karibu kujifungua.

Mauro amekufa.

Ilikuwa tarehe 20, saa nne asubuhi, kwenye njia ya kwenda Awasse. Walikuwa wanne garini. Walikuwa wamesafiri kama dakika arobaini, gari likazimika lenyewe, mahali penye majani marefu pande zote mbili. Watu wa porini, wale waasi tunaopigana nao, walikuwa hapo. Watatu waliruka wakakimbia wakapona. Mauro alibaki kwenye usukani anageuza ufunguo. Amesafirishwa kwao Inhambane. Mama yake anaitwa Telma, nimeandika barua kwake mara nne na mara nne nimeichana.

Gari lilivutwa mpaka karakana na mkuu akaniamuru nitafute lilizimika kwa nini, niandike ripoti. Nilifungua. Ni pampu ya dizeli. Mwezi huu stoo walipokea pampu sita mpya, na hii ni mojawapo. Ubavuni ina nukta tatu, kama mafiga. Zile tano nyingine nimezizuia na kuzipima. Zote zinakwama zikipata moto.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikumwambia mtu, hata wewe. Kila pampu ninayoikubali, naivua ile raba ya mdomoni, napiga nukta ya nne chini yake, halafu nairudishia raba. Niliogopa mtu asije akaniiga. Nimevua raba za zote sita. Hakuna hata moja yenye nukta ya nne.

Barua yako ya tarehe 3 ilinifikia tarehe 24, siku ambayo Mauro alikuwa ameshaondoka na ndege. Nimeisoma yote, mpaka chini.

Kwa hiyo nakuuliza dada yangu, nani aliyepiga nukta zile?

Tuaibo.


Palma, 14 Septemba 2025

Mdogo wangu Tuaibo,

Assalaam alaykum. Mungu ni mkubwa. Wahida amejifungua tarehe 9, mtoto wa kike, mzima, sauti kama king'ora. Ana paji la uso lako na hasira za mama. Jina tunakungoja wewe, ila Wahida anapenda Zuleica. Mama ameshuka kutoka Quionga na safari hii hajalalamika kitu, anamla mtoto kwa macho tu.

Habari za Mauro nimezisoma. Nimemsomea Fatiha, sijui kama inafaa kwa Mkristo, nimesoma tu. Pole sana. Najua alikuwa kama ndugu yako.

Kuhusu lile swali lako, Palma ina wajanja wengi. Nukta si kitu cha kushinda mtu, mtu yeyote mwenye msumari anaweza. Pengine huyo Lourenço mwenyewe, nani ajuaye. Sijamwona tena. Nitaulizia.

Mtoto analia, naishia hapa. Njoo umwone binti yako.

Dada yako.


Diaca, 28 Septemba 2025

Dada,

Mwambie Wahida jina ni Zuleica. Mwambie nimelisema kwa sauti karakana nzima mara saba, peke yangu.

Ripoti nimeiandika. Nimesema pampu iliungua, haijulikani ilikotoka. Ni uongo. Ninayo, iko ndani ya soksi kwenye begi langu. Mkuu ameamini kwa sababu mimi ndiye fundi, na fundi ndiye anayejua. Hakuna atakayekuja kibandani kwako. Lala usingizi.

Lakini mimi silali. Nakuuliza mara ya pili na sitauliza ya tatu. Si kwa ajili ya mkuu wala ya jeshi. Nikirudi nitakaa kibandani na wewe kila siku ya Mungu, tutakula sahani moja, utambeba mwanangu. Siwezi kukaa na mtu ambaye amelijua jambo hili na kunitazama usoni kimya. Ukiniambia kweli, iwe ipi, nitarudi, na tutajua pamoja la kufanya. Ukinyamaza, sina pa kurudi.

Karatasi ipo mezani mpaka tarehe 31.

Tuaibo.


Palma, 19 Oktoba 2025

Tuaibo, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Salamu nitaweka mwisho, nikianza nazo nitajificha ndani yake tena. Barua yako imenifikia leo asubuhi na Cândido anaondoka adhuhuri hii, amesimamisha lori mbele ya kibanda, anapiga honi.

Ni mimi. Nilizipiga mimi.

Ulipoandika kwamba mkuu kakuuliza una kazi gani na hukuwa na jibu, niliiona kalamu mkononi mwako. Niliiona kabisa. Kibandani palikuwa na filta na vumbi. Nikatoa kitambaa chekundu chini ya kitanda. Nikatafuta msumari wa chuma kwenye kopo la misumari ulilotuachia nyumbani. Kila pampu niliiunga kwenye betri nikapika chai, na zilivuta, Tuaibo, wallahi zilivuta zote tisa. Nikajiambia huyu mtoto anaogopa kwa sababu yuko mahali pa kuogopesha. Nikapiga nukta. Nilikuwa na furaha.

Lourenço alipokuja kuchukua sita hakusema anazipeleka wapi, nami sikuuliza. Nilikuwa na ulimi wa kuuliza. Sikuuliza kwa sababu nilijua nikiuliza pengine atajibu.

Mbili niliwauzia madereva wa hapa. Baada ya barua yako ya Agosti nilimfuata mmoja mpaka Quionga kwa miguu nikaichukua, nikamwambia imekosewa. Wa pili ni mtu wa kupita, sijampata, na kila gari ninaloliona limesimama njiani nalikimbilia nimtazame dereva. Moja ilibaki. Hiyo iliyobaki na ile niliyoirudisha nimezivunja kwa nyundo ile ile.

Nilikujibu uongo mwezi uliopita nikiwa na mtoto wako mapajani. Nilifikiri nikinyamaza utarudi, na ukishaona uso wa Zuleica utasahau kuuliza. Nimekuwa mjinga. Nimemuua mtoto wa Telma ili mtoto wa mama yangu arudi nyumbani. Hivyo ndivyo ilivyo, sina njia nyingine ya kulisema.

Sikuombi unisamehe. Njoo unitukane. Njoo unifukuze kwenye kibanda, nitaondoka niende kwa mama nikakune nazi. Njoo unishike mkono unipeleke kwa mkuu wako, nitasimama mbele yake na msumari nitaushika mwenyewe. Lakini njoo. Umesema nikikuambia kweli utarudi. Nimekuambia. Usisaini. Usisaini, Tuaibo, nakushika miguu, mimi mkubwa wako.

Nimemwambia Cândido asilale Mocímboa hata kama ni kwa kutembea.

Wote wanakusalimu.

Chamima.


Diaca, 6 Novemba 2025

Dada,

Barua yako nimeipokea jana. Cândido alizuiwa Mocímboa siku kumi na tano, barabara ilifungwa. Alinipa mkononi bila kunitazama, akasema, "Mwanamke yule alinishika shati." Usimlaumu.

Nilingoja mpaka tarehe 31. Asubuhi ile nilikaa getini, likaja gari la maji, likaja gari la kuni, lori la vitunguu halikuja. Saa nane mchana niliingia kwa mkuu, nikasaini. Miaka mitatu.

Usijiulize ingekuwaje kama ingewahi. Nimejiuliza mimi tangu jana, inatosha kwa wote wawili.

Sasa na mimi nikwambie langu, kwa sababu nilikudai ukweli huku nimeukalia wa kwangu. Nilikuandikia kwamba pampu ile ilikuwa mojawapo ya zile sita za stoo. Sikukuandikia nani aliifunga. Niliifunga mimi. Mtu wa stoo aliponiletea boksi niliona nukta tatu, nikacheka kwa sauti, nikamwita Mauro, nikamwambia tazama, kazi yetu imetembea mpaka Palma na imerudi yenyewe kututafuta. Tulicheza ngoma pale karakana. Sikuipima. Sikuvua raba. Kuvua raba ni jambo la kidole kimoja, dada, hata chai haichemki. Niliona nukta zangu nikaziamini, na mimi ndiye niliyezianzisha kwa sababu sikuamini macho ya mtu.

Wale watatu waliokimbia wameniambia alichosema Mauro gari lilipozimika. Walimwita aruke. Akasema, "Subirini, pampu hii ni ya Tuaibo, itawaka." Akageuza ufunguo. Nadhani ilikuwa karibu kupoa.

Kwa hiyo usiseme wewe ndiye uliyemuua. Ulipiga nyundo wewe, nikafunga mimi. Sina uso wa kurudi kukufukuza, na sina uso wa kurudi kukaa nawe. Gari la doria halina dereva. Nimeomba nilichukue mimi.

Kibanda usikifunge. Uza filta, uza pedi, uza mafuta ya pikipiki. Pampu usiuze tena. Yule dereva wa kupita endelea kumtafuta, kila mwezi, mpaka umpate. Kwa Telma nitaandika mimi, na safari hii sitaichana. Wahida mwambie wewe kwamba nimesaini, kwa mdomo, umkalishe kwanza, kalamu imenishinda. Ile kanzu aiweke.

Zuleica mbusu paji la uso, upande unaosema ni wangu.

Kesho ndiyo siku yangu ya kwanza barabarani. Pampu niliyoifunga nimeipima saa nzima jana, na saa nzima tena leo. Sikuipiga nukta.

Tuaibo, dereva.